Arap: ubini unaotoweka vitambulishoni

Juma lililopita niliabiri matatu mjini Eldoret, utingo akiita "Plato! Plato! Moja ya mwisho!", nikaenda Plateau kumwona mzee mmoja ambaye zamani tulikuwa majirani. Wenyeji wa huko hawana shughuli na tahajia ya Kifaransa iliyoletwa na Waingereza. Kwao ni Plato, basi. Nilidhani naitwa kunywa mursik na kupiga gumzo. Kumbe nilikuwa nimeitiwa kazi.

Mzee alitandaza karatasi zake mezani, akazipanga moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga karata.

"Mwalimu, wewe si ndiye mtu wa lugha? Hebu niambie hapa mimi ni nani."

Majina yake halisi nitayahifadhi. Tuseme yeye ni Kiprono, na marehemu babake alikuwa Kipkoech. Hatimiliki ya shamba ilimtaja kuwa Kiprono arap Koech. Kitambulisho cha taifa kilisema Joseph Kiprono Koech. Kadi ya chama cha ushirika cha maziwa ilikuwa na J. K. Rono. Cheti cha kuzaliwa cha kifungua mimba wake kiliishia na Koech, cha mtoto wa pili kikaishia na Kiprono, na cha kitinda mimba, ambaye ni binti, kikaishia na Rono. Mzee anataka kuwagawia watoto ardhi angali hai. "Sitaki wakuje kupigana nikishaenda," alisema. Lakini katika afisi aliyokwenda aliambiwa athibitishe kwamba watu wote hao ni yeye, na kwamba watoto hao watatu ni wa baba mmoja.

"Mimi ni mmoja," aliniambia, "lakini hapa karatasini tuko watatu. Na watoto wangu wanaonekana kama wameokotwa."

Makala ya leo yametokana na meza hiyo. Nitalichambua neno moja fupi lililokuwa kwenye karatasi kuukuu kuliko zote na likakosekana katika nyingine zote: arap.

Wasomaji wengi wanalijua neno hili kupitia majina ya wakuu. Rais wa pili wa Kenya alikuwa Daniel Toroitich arap Moi. Kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza hadi alipouawa mnamo Oktoba 19, 1905 alikuwa Koitalel arap Samoei. Mwanasiasa na mwanaisimu aliyechunguza lugha za Wakalenjin kwa kina alikuwa Taita arap Towett. Kwa kuwa tumelizoea katika majina mazito kama hayo, wengi hudhani ni cheo, mithili ya "mheshimiwa". Wengine, hasa wageni, hulichukua kuwa "Arab". Nimewahi kuulizwa na mgeni mmoja, tena msomi, ni lini Waarabu walihamia Baringo hata wakamtoa rais.

Arap si cheo wala si kabila. Maana yake ni "mwana wa", na mwana huyo ni wa kiume. Anayezungumza Kinandi au Kipsigis husikia ndani ya neno hilo mwangwi wa kile kiunganishi cha umilikaji, ab au ap, anachokitumia kila siku kusema kitu fulani ni cha fulani. Kwa hivyo arap inafanya kazi ile ile ambayo bin hufanya katika majina ya Waswahili, ole katika majina ya Wamaasai, na wa katika jina la Ngugi wa Thiong'o. Ni daraja kati ya jina la mtu na jina la mzazi wake.

Ili tuone daraja hili linavyounganisha, sharti tuanzie ng'ambo yake ya kwanza, yaani jina analopewa mtoto.

Katika jamii nyingi za Wakalenjin, mtoto hupewa jina linalotokana na saa, majira au tukio la kuzaliwa kwake. Wa kiume huanza na Kip- au Ki-, wa kike huanza na Chep-, Che- au Jep-, kutegemea lahaja. Aliyezaliwa kukipambazuka ni Kipkoech au Chepkoech. Wa asubuhi mapema ni Kimutai au Chemutai. Wa mchana ni Kibet au Chebet. Jioni mbuzi na kondoo wakirejea zizini, anayezaliwa ni Kiprono au Cherono. Giza likiingia ni Kiplagat au Chelagat, na wa usiku ni Kipkemboi au Chepkemboi. Wa mvua ni Kiprop au Cherop. Aliyezaliwa mamake akiwa safarini au ugenini ni Kipruto au Cheruto, na aliyekuta wageni nyumbani ni Kiptoo au Cheptoo.

Ng'ombe nao wana saa yao. Tich ni ng'ombe kwa wingi. Ndiyo maana Kipng'etich ni wa wakati ng'ombe wanapoamka kwenda malishoni, na Kiprotich ni wa wakati wanaporejea. Tich huyo huyo yumo katika Toroitich, jina la Rais Moi, linalohusu kuwapokea ng'ombe wanapofika nyumbani.

Historia pia imeacha alama katika orodha hii. Wanaitwa Kipchumba au Chepchumba watoto waliozaliwa penye Mzungu au mahali pa Wazungu, kwa mfano hospitalini. Uasin Gishu haikukosa sababu ya kuwa na jina kama hilo. Mnamo 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulishuka Mombasa, ukapanda gari moshi hadi Nakuru, kisha ukakokotwa na maksai hadi kwenye uwanda huu wa juu. Serikali ya kikoloni ilikata mashamba na kuyapa nambari. Kituo cha posta kilichofunguliwa katika shamba nambari 64 ndicho kilichokua kuwa mji wa Eldoret mnamo 1912, na wenyeji wakaitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao: Sisibo. Mpaka leo utawasikia wazee wakisema wanaenda Sisibo. Hata jina Uasin Gishu ni la Wamaasai, waliokuwa wakilisha mifugo hapa kabla ya wote hao. Uwanda mzima basi ni daftari la majina ya watu waliopita.

Turudi kwa arap. Mvulana alipotoka jandoni, hakuwa tena mtoto wa kuitwa kwa saa aliyozaliwa tu. Alipewa haki ya kubeba jina la babake, na daraja la kumfikisha kwa baba likawa arap. Hapo kanuni ya kisarufi huingia: kile kiambishi Kip- au Ki- cha baba huanguka. Mwana wa Kipkoech huwa arap Koech. Mwana wa Kiprono huwa arap Rono. Mwana wa Kibet huwa arap Bett, wa Kiprotich huwa arap Rotich, wa Kipruto huwa arap Ruto, wa Kiplagat huwa arap Lagat. Mtindo huu umeshamiri zaidi miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, na Watugen nao wanao.

Hapa msomaji ataona jambo ambalo huwapita wengi. Koech, Rono, Bett, Rotich, Ruto, Lagat, Kemboi na Too, majina tunayoyaona kila siku kwenye orodha za wabunge, walimu na wanariadha, hayataji ukoo wa mtu yeyote. Yanataja saa aliyozaliwa baba, au babu, au babu wa babu. Anayeitwa Koech leo anatembea na pambazuko la mtu mwingine.

Tena pambazuko hilo lilikusudiwa kudumu kizazi kimoja tu. Chukua mfano wa nasaba inayojulikana na wengi. Babake Rais Moi aliitwa Kimoi arap Chebii. Ki- ilipoanguka, mwana akawa Toroitich arap Moi. Kwa kanuni hiyo hiyo, wanawe wa kiume wangekuwa arap Toroitich. Hawakuwa. Wanaitwa Moi, kama baba yao, na wajukuu vilevile. Jina lililopaswa kusogea limeganda. Moi ambaye maana yake ni ndama amekuwa ndama asiyekua.

Nisije nikaonyesha kwamba kanuni hii ilikuwa nyofu kama rula. Mtu mzima alikuwa na majina zaidi ya moja. Mbali na jina la saa, kulikuwa na lile la mizimu, kurenet: wanawake wazee walitaja majina ya wahenga wa ukoo mmoja mmoja mbele ya mtoto mchanga, na jina lililomkuta akipiga chafya likawa lake. Kulikuwa pia na lakabu za utu uzima. Arap ingeweza kushika lolote kati ya majina ambayo baba alijulikana kwayo. Ndiyo maana katika nasaba ya viongozi wa kidini wa Wanandi twakuta Kimnyole arap Turgat akimzaa Koitalel arap Samoei, naye Koitalel akimzaa Barsirian arap Manyei. Mtafiti anayetafuta jina la baba kwa kuchomoa na kuchomeka Kip- pekee atapotea njia hapo.

Sasa swali la mzee wangu: arap ilienda wapi?

Jibu rahisi tunalopenda kutoa ni kwamba vijana wameacha mila, na mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa tunamwonea kijana bure. Tazama tarehe za karatasi. Arap ni jina la utu uzima, lilikuja na jando. Karatasi za leo zinaanza siku mtoto anapozaliwa. Sheria inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya miezi 6, la sivyo kunahesabiwa kuwa kumechelewa. Mtoto anapoanza shule, daftari linadai majina matatu. Akifika miaka 18, kitambulisho kinanakili kilichomo katika cheti cha kuzaliwa. Katika mlolongo huo wote, hakuna mlango ambao arap ingepitia. Kufika wakati wake wa kuingia, jina limeshafungwa na muhuri umeshapigwa.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalenga wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi. Karani aliyeketi na kalamu yake alikuwa anamwandika mtu mzima. Alipouliza "unaitwa nani?" alijibiwa kama mtu mzima anavyojibu: fulani arap fulani. Kipande kilikuwa chombo cha dhuluma, kikaninginizwa shingoni mwa watu kama kengele ya mbuzi, lakini kiliandika arap. Baada ya uhuru, wazee hao hao walipopata mashamba yaliyoachwa na walowezi, majina hayo yakaingia katika karatasi za ardhi. Basi ndiyo sababu hatimiliki ya mzee wa Plateau ina arap na cheti cha mwanawe hakina. Hakuna aliyeifuta arap. Ilikosa tu mahali pa kuandikwa.

Ni wangapi basi wangali nayo? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakalenjin 6,358,113 nchini Kenya, na wakazi 1,163,186 katika kaunti ya Uasin Gishu. Lakini sensa yetu haitoi hesabu ya majina. Mtu anayetaka kujua huenda kwenye mazishi. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi katika sehemu za Plateau na Kaptagat. Katika karatasi ya wasifu wa marehemu, babu ana arap, marehemu mwenyewe ana arap ikiwa alikuwa mtu wa makamo wakati wa uhuru, wanawe hawana, na wajukuu wana majina ya Kiingereza mawili na Koech mwishoni. Vizazi vitatu katika ukurasa mmoja, na unaiona arap ikiisha wino.

Arap inayobaki hai zaidi ni ya mdomoni. Sokoni Plateau utasikia "Arap Sang! Umepotea sana!" na anayeitwa hana neno hilo katika karatasi yoyote. Hapo ni heshima, na ni ucheshi wa wanaume wa rika moja. Hawaiti mvulana hivyo.

Msomaji wa pwani asidhani kisa hiki ni cha bara peke yake. Kiswahili kiliipitia njia hiyo hiyo. Mshairi maarufu wa Mombasa alikuwa Muyaka bin Haji. Mtunzi wa utenzi unaomwusia binti alikuwa Mwana Kupona binti Msham. Alipofika Shaaban Robert, bin haimo tena: jina la mwana na jina la baba yamesimama bega kwa bega bila daraja, na asiyejua hudhani Robert ni jina la ubatizo. Leo wengi wa Mombasa na Zanzibar wanatumia majina matatu, langu, la baba na la babu, na bin husikika zaidi kwenye ndoa, hitima na mahakama ya kadhi.

Mbali zaidi, huko Wales, walikuwa na kijineno ap, chenye maana hiyo hiyo ya mwana wa. Kufanana kwake na arap ni sadfa tu, ila mkasa uliowapata unafanana na wetu kwa karibu mno. Wales ilipoingizwa chini ya sheria za Uingereza katika karne ya 16, makarani walitaka jina moja lisilobadilika. Ap ikamezwa na jina lililoifuata: ap Hywel akawa Powell, ap Rhys akawa Price, ab Evan akawa Bevan. Wenye majina hayo leo wametawanyika duniani kote, na wengi hawajui kwamba ile P au B ya mwanzo ni mabaki ya neno "mwana". Iceland wao walikataa. Mpaka leo mtu huko hubeba jina la mzazi wake kwa -son au -dóttir, na jina hilo hubadilika kila kizazi. Kwa hivyo dola ya kisasa inaweza kuishi na majina yanayosogea, ikitaka.

Hapa kwetu tatizo limeongezwa na neno tunalotumia katika fomu. Fomu ya Kiingereza huuliza jina la mwisho, nasi tumezoea kulitafsiri kuwa "jina la ukoo". Kwa Mkalenjin, tafsiri hiyo ni kosa lenye madhara. Ukoo kwake ni oret, na kila oret ina mnyama wake: Talai ni simba, Kipkenda ni nyuki, na kadhalika. Oret haiandikwi kwenye kitambulisho wala haijifichi ndani ya Koech. Watu wawili wanaoitwa Koech wanaweza kuwa wa koo tofauti kabisa, na Koech na Rotich wanaweza kuwa wa oret moja ambayo kwa desturi haioani.

Nimeshuhudia mambo haya yakiwatesa vijana. Mvulana na msichana wanaleta habari nyumbani kwamba wanataka kuoana. Wote ni Koech. Marafiki wa mjini wanashtuka: "Si hao ni ndugu?" Kogo, nyanya wa msichana, hashtuki hata kidogo. Anauliza swali moja tu: "Koech wa wapi? Oret gani?" Na mara nyingine huja wawili wenye majina yasiyofanana hata herufi, kila mtu anawapigia makofi, kogo anauliza swali lake, na furaha inakatika.

Kiswahili kina neno bora zaidi. Watanzania husema ubini. Limetokana na bin, na linataja jambo lenyewe bila kulikuza: jina linaloonyesha wewe ni mwana wa nani. Arap Koech ni ubini. Juma bin Haji ana ubini. Neno hili liko katika kamusi zetu, ila fomu zetu za Kenya hazilijui. Nashauri tulichukue. Tukiuliza "ubini wako nani?" tutapata jibu sahihi, na tukitaka ukoo tutauliza ukoo.

Kuna upande wa wanawake ambao siwezi kuuruka. Arap ni ya wana wa kiume. Binti hakuibeba. Majina yanapoganda, binti hujikuta amevaa kiambishi cha kiume. Bingwa wa mbio za mita 1,500 katika Olimpiki za Rio, Tokyo na Paris ni Faith Chepng'etich Kipyegon. Chepng'etich ni lake, linasema alizaliwa ng'ombe wakitoka. Kipyegon, kwa sarufi ya lugha yake, haliwezi kuwa jina la msichana. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, ana Kip- vilevile. Mtangazaji wa ng'ambo hatambui lolote. Ndio hao hao waliomkata Kipchoge Keino jina wakamwita Kip, kama kwamba kiambishi cha jinsia kinaweza kumtosha bingwa wa Mexico 1968 na Munich 1972. Ukiita "Kip!" katika uwanja wa michezo Eldoret, nusu ya uwanja itageuka.

Na kuna watoto ambao baba hakutajwa. Kwa miaka mingi sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilizuia jina la baba asiyeoana na mama lisiandikwe bila ya ombi la pamoja la wazazi wote wawili. Mahali pa baba paliwekwa alama tu. Mnamo 2016 Mahakama Kuu, katika hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nalitaja hili kwa sababu ubini haukuwa pambo. Kuambiwa "arap nani?" ukakosa jibu kulikuwa na uchungu wake kijijini, na kukuta alama pahali pa jina la baba kuna uchungu huo huo afisini.

Juu ya yote, kuna tahajia. Kibet hupata t moja, lakini arap Bett hupata mbili, kwa mazoea ya makarani. Kuna Kosgei na Kosgey, Ruto na Rutto. Wanandi husema Lagat, Wakipsigis husema Lang'at. Kompyuta nyingi hazipendi king'ong'o, hivyo Ng'etich hugeuka Ngetich, neno ambalo mzungumzaji hawezi hata kulitamka bila kulirekebisha kimyakimya. Kila herufi inayohama ni safari moja ya kwenda kwa wakili. Ukisoma matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa, utaona marehemu mmoja akiwa na majina mawili, matatu, yaliyounganishwa na maneno ya kusema huyu ndiye yule.

Basi tulikaa na mzee hadi jua likaelekea kutua na mbuzi wakirejea zizini, yaani saa ya Kiprono. Nilimwandikia rasimu ya hati ya kiapo apeleke kwa wakili: kwamba Kiprono arap Koech, Joseph Kiprono Koech na J. K. Rono ni mtu mmoja. Nikaongeza sentensi ambayo hakuiomba, inayoeleza kanuni: kwamba Rono ni Kiprono bila kiambishi, na kwamba kwa desturi mwana wa Kiprono huitwa arap Rono, hivyo Koech, Kiprono na Rono walioko katika vyeti vya watoto wake wanatoka katika mlango mmoja. Kwa kweli kitinda mimba, aliyeandikwa Rono, ndiye aliyeandikwa sawasawa kuliko kakake wote, ingawa ni binti.

Mzee aliisoma mara mbili. "Sasa huyu wa kwanza," alisema akigusa Koech kwenye cheti cha kifungua mimba, "amepewa babangu."

"Ndiyo, mzee. Amepewa babu akakosa baba."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo nalileta kwenu lilivyo: "Hiyo arap yenyewe waache, kama hawana nafasi. Lakini mtoto aambiwe."

Nami naona hapo ndipo pa kushika. Sidai arap irudishwe kwa amri ya serikali. Jina la kulazimishwa halikai. Lakini mzazi anayeandikisha mtoto leo anaweza kuhakikisha kwamba watoto wake wote wanaishia na jina moja, kwa tahajia moja, na king'ong'o chake kikiwapo. Anaweza kuchukua daftari la nyumbani akaandika kwa kalamu: huyu alizaliwa saa hii, baba yake alizaliwa saa ile, oret yao ni hii. Mzee mwenye karatasi tatu anaweza kuzioanisha akiwa hai, maana wakili wa marehemu ni ghali kuliko wakili wa aliye hai.

Nilipokuwa nikiaga, mjukuu wa miaka kama sita alinisindikiza hadi barabarani. Nilimuuliza jina lake. Akanitajia majina mawili ya Kiingereza na Koech.

"Na la nyumbani?"

"Kibet."

"Ulizaliwa saa ngapi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Mchana," akasema, na matatu ya Eldoret ikafika.